Zawadi Yenye Manyoya: Kabla Hujamleta Spitz Nyumbani, Mliulizana?

Hebu vuta picha. Ni Ijumaa jioni, foleni ya Mwenge imekumaliza, viatu vinabana, na leo ni siku ya kumbukumbu ya ndoa yenu, mwaka wa tano. Unafungua mlango ukitegemea maua, au walau chipsi kuku. Badala yake unakuta boksi lenye matundu katikati ya sebule, na ndani yake kitu cheupe pee kinakutazama kwa macho mawili meusi kama mbegu za mstafeli. Mume wako amesimama pembeni, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Sapraizi, mke wangu!"

Binti yetu wa miaka minne alirukaruka kwa furaha. Mimi nilikaa kwenye kochi, mkoba ukiwa bado begani, na aliyenijia kichwani wakati ule hakuwa yule mbwa. Alikuwa shangazi.

Shangazi yangu wa Tanga ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Familia yetu ni mchanganyiko, kama zilivyo familia nyingi za Kitanzania: mimi nimefunga ndoa kanisani, yeye ni Mwislamu wa swala tano. Mara mbili kwa mwaka anakuja Dar kwa kliniki yake ya presha na anafikia kwangu. Kwa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mume wangu anayajua yote haya. Ila hakuniuliza.

Msomaji wangu, usidhani nimekuja kukusimulia ugomvi wa ndoa yangu tu. Nataka umfahamu vizuri huyu mbwa, maana anapendwa kweli kweli na vijana wenye kazi zao na nyumba zao, Nairobi ndo usiseme, na huku kwetu watu wanazidi kumuulizia. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji huwa hawalisemi wanapokutumia zile picha za kwenye simu, nami nimelijua kwa kulipitia.

HUYU NI NANI HASA?

Anaitwa spitz wa Kijapani. Spitz ni ukoo mkubwa wa mbwa wenye masikio yaliyosimama, pua iliyochongoka na mkia uliokunjwa mgongoni. Babu zake ni spitz weupe wa Kijerumani waliofika Japani miaka ya 1920 hivi wakipitia Siberia na kaskazini mashariki mwa China. Mwaka 1921 walionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya mbwa Tokyo. Mwaka 1925 wakaletwa weupe wengine kutoka Kanada, na mpaka 1936 waliendelea kuingizwa kutoka Marekani, Australia na China pia. Wajapani wakawachanganya na kuchagua, wakachagua tena, hadi wakampata waliyemtaka. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1948, chama cha mbwa cha Japani kiliweka vigezo rasmi ambavyo ndivyo msingi wa vile vinavyotumika hadi leo. Uingereza walimtambua mwaka 1977.

Kwa hiyo ukisikia muuzaji anakwambia ni "mbwa wa wafalme wa kale wa Japani", cheka kidogo kisha uondoke. Ukoo huu haujafikisha hata miaka mia na kumi.

Kwa umbo ni mdogo, lakini si wa kuweka mfukoni. Dume hufika sentimita 30 hadi 38 begani, jike hupungua kidogo, na wengi wana uzito wa kati ya kilo 5 na 10. Wengi humchanganya na Pomeranian, ambaye ni mdogo zaidi, kilo mbili tatu hivi, au na Samoyed, ambaye ni jitu la zaidi ya kilo 20. Wakiwa watoto wote hao ni mipira ya pamba tu, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Njia ya uhakika ni kumwona mama mzazi wa mtoto kwa macho yako. Muuzaji akikwambia mama yupo shamba, au kasafiri, jua lako limezama hapo.

Tabia yake? Mchangamfu, mwerevu, anajifunza haraka, na anampenda mtu wake kupita kiasi. Vigezo rasmi vinasema haruhusiwi kuwa na kelele. Wetu hajavisoma. Mtu akigonga geti, hata mwenye duka anayeleta maji kila Jumamosi, lazima mtaa mzima ujue. Ila hana ukali. Anabweka kukujulisha, kisha anakwenda kumkaribisha mgeni. Ukitaka mlinzi wa kuzuia wezi, tafuta mbwa mwingine.

Na hili ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Spitz wa Kijapani alitengenezwa kukaa na watu, ndani, miguuni pao. Ukimfunga mnyororo nyuma ya nyumba kama tulivyozoea kufuga mbwa wetu, au ukimfungia bandani asubuhi umfungulie usiku, unamuua taratibu. Atalia, atachimba, atajitafuna miguu mpaka itoke vidonda. Na kama lazima aishi ndani, kuja kwake kunamgusa kila anayelala, anayepika, anayeswali na anayefagia katika nyumba hiyo. Ndo maana nasema mbwa huyu hanunuliwi na mtu mmoja, hata kama pesa ni ya mtu mmoja.

SIKU YA NNE

Jina tulibishania siku mbili. Binti alitaka Simba, ila baba yake ni Yanga damu, hoja ikafa hapo hapo. Tukakubaliana Pamba.

Siku ya nne Pamba alikataa kula. Usiku akaanza kutapika, na alfajiri akaharisha damu, ile yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba "chanjo zote kashapata", na kadi tulipewa. Daktari wa mifugo aliishika, akaigeuza mara mbili, akatuuliza kama tuliitazama. Ilikuwa na tarehe zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, basi. Hakuna stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, wala muhuri au saini ya daktari. Tena Pamba alikuwa na wiki saba hivi. Mbwa wa umri huo hawezi kuwa amemaliza chanjo, hata angekuwa mtoto wa rais.

Shika hili, rafiki yangu, hata kama ukisahau mengine. Mtoto wa mbwa hatolewi kwa mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya mchanganyiko, inayozuia parvo na distempa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho katika mfululizo huo anapata akiwa na wiki 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka, kisha daktari anakupangia kulingana na aina ya chanjo. Mpaka mfululizo uishe, asitembezwe barabarani wala asichezeshwe na mbwa wa jirani.

Ugonjwa ulikuwa parvo. Hakuna dawa inayokwenda kumuua yule kirusi. Unachofanya ni kumwekea mgonjwa dripu, kuzuia kutapika, kumkinga na bakteria, na kusubiri mwili wake upigane. Wadogo wengi hawavuki, hasa wasipotibiwa mapema. Kirusi chenyewe hukaa sakafuni na udongoni kwa miezi, hivyo nyumba nzima ilibidi ioshwe kwa jiki.

Mume wangu alikaa kwenye benchi la kliniki ile siku tatu, akitoka kwenda kazini na kurudi. Jioni ya pili nilimkuta pale na shati lile lile. Nikakaa. Nilikuwa nimemnunia tangu Ijumaa, yaani nilikuwa namjibu "sawa" na "haya" tu, wanawake wenzangu mnaujua mtindo huo.

Nikamuuliza, "Hivi ulifikiria nini?"

Akanyamaza kidogo. Kazi yake ni ya mikoani, mwezi analala nyumbani siku kumi, kumi na mbili. Akasema, "Nilitaka ukiwa mwenyewe uwe na wa kukaa naye."

"Nilitaka wewe ndo ukae."

Sio siri, benchi lile tulilizungumzia mambo ambayo kitandani tulikuwa tunayakwepa tangu mwaka uliopita. Kuhusu safari, kuhusu shangazi, kuhusu kuamua mambo peke yake halafu kuyaita sapraizi. Sitayaandika yote hapa. Pamba alipoinua kichwa siku ya tatu na kulamba maji, mume wangu alilia mbele ya daktari, na mimi nikamshika mkono. Muuzaji? Simu yake haikupokelewa tena.

NANI ANAAMKA?

Alipopona ndipo maisha yenyewe yakaanza. Mtoto wa mbwa hukojoa kila akiamka, kila akila, kila akicheza, na usiku hawezi kujizuia mpaka asubuhi. Wiki mbili za kwanza aliyekuwa anaamka, anapiga deki na kutoa kinyesi alikuwa dada wa kazi. Hakuna aliyemwomba, iliangukia kwake tu kama mambo mengi yanavyomwangukia. Kumbe tangu utotoni anaogopa mbwa, alishawahi kuumwa. Nilijisikia vibaya. Kama unataka dada amhudumie mbwa, muulize kwanza, na akikubali muongezee mshahara. Asipokubali, mbwa ni wako wewe uliyemtaka.

Tuliyokubaliana ni haya: baba akiwa nyumbani, saa kumi na mbili kasoro asubuhi anamtembeza yeye. Akiwa safarini natembeza mimi, na akirudi ananilipa kwa Jumamosi nzima ya kulala mpaka saa nne. Mpaka leo ananilipa. Binti anampimia chakula kwa kikombe, tukimwangalia. Hatuwaachi wawili hao peke yao hata siku moja, kwa sababu mtoto huvuta mkia na mbwa ana meno, hata awe mpole namna gani.

Na suala la kichaa cha mbwa si la kuleta mzaha. Katika watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, karibu asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa yeyote akimuuma mtu, wako au wa mtaani, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataumwa.

MANYOYA NA JOTO LA DAR

Manyoya yapo ya tabaka mbili: ya nje marefu yaliyonyooka, ya ndani mafupi na laini kama sufi. Habari njema ni kwamba uchafu haumng'ang'anii. Akijigaragaza kwenye tope, mwache akauke, mpige brashi, anarudi mweupe. Usimwogeshe kila wiki, na usitumie shampuu yako ya nywele, maana ngozi ya mbwa haifanani na yetu. Habari mbaya ni kwamba anamwaga. Mara moja au mbili kwa mwaka manyoya ya ndani yanatoka kwa mafungu, unayakuta kwenye suti, kwenye chai, kwenye kochi jeusi ulilokopa kulinunua. Mpige brashi ya vijino vya chuma mara mbili tatu kwa wiki, na kila siku akiwa katika kipindi hicho.

Joto je? Nairobi na Arusha atafurahi. Dar, kuanzia Januari hadi Machi, ni mtihani. Watu wengi hapo wanafanya kosa: wanamnyoa. Usimnyoe! Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anahema. Manyoya yale yanamkinga na jua, na yakinyolewa yanaweza kuota vibaya au yasirudi kama yalivyokuwa. Mpe sakafu ya vigae, feni, maji muda wote, na matembezi ya alfajiri au baada ya magharibi. Weka kiganja chako kwenye lami. Kama hukivumilii, nyayo zake pia hazivumilii. Ndani ya gari lililofungwa usimwache hata kwa dakika za kununua vocha.

Chini ya manyoya hayo mazito kupe hujificha raha mustarehe, na homa ya kupe inaua mbwa wengi huku kwetu. Kila mkirudi matembezini pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya vidole vyake, na muulize daktari dawa ya kinga ya kila mwezi. Magoti nayo yaangalieni. Mbwa hawa wadogo hupata tatizo la kifupa cha goti kuhama, unamwona anakunja mguu mmoja wa nyuma na kurukaruka kwa hatua mbili tatu kisha anaendelea kama hakuna kitu. Akinenepa tatizo huzidi.

Chakula nitasema kwa ufupi, ingawa hapa ndipo upendo wetu unapoua. Mabaki ya mezani hapana. Mapishi yetu yote yanaanza na kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti ni sumu. Zabibu, hata ziwe tamu namna gani za Dodoma, ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kumchoma tumboni. Mpe chakula kikavu cha mbwa kwa kipimo, au umpikie wali au ugali laini na dagaa au nyama isiyo na viungo, na daktari akuelekeze cha kuongezea.

Akitunzwa anaishi miaka 12 hadi 14. Binti yetu atakuwa anamaliza sekondari na Pamba bado yupo. Bei ya kumnunua (mume wangu hajanitajia mpaka leo, na nimeacha kuuliza) ni ndogo ukilinganisha na chakula, chanjo, kupe na brashi za miaka hiyo yote.

SHANGAZI ANAFIKA

Nilimpigia simu kabla hajakata tiketi. Nilikuwa natetemeka kama niliyeficha mimba. Nikamweleza yote, tangu boksi mpaka dripu.

"Mwanangu," akasema, "nyumba ni yako na mumeo."

Hilo ndilo nililoliogopa. Shangazi akikwambia nyumba ni yako, maana yake hatakuja.

Mume wangu akaichukua simu. "Shikamoo shangazi. Kosa ni langu, sikumuuliza mtu. Naomba uniambie wewe, tufanye nini ili uje?"

Akamwambia. Hakumung'unya maneno. Chumba chake mbwa asikanyage, siku yoyote, hata yeye akiwa Tanga. Sahani, vikombe na sufuria za mbwa ziwe zake na zioshewe nje. Njia ya kutoka chumbani kwenda bafuni asikutane naye, ili asilowe mate akiwa na udhu. Basi, hayo tu.

Tuliweka mlango wa wavu kati ya sebule na ukumbi wa nyuma wa jikoni. Shangazi akiwapo, Pamba anakaa ukumbini, na sisi ndio tunaomfuata kule. Jioni tunahamishia viti huko, tunapiga soga naye miguuni. Chumba cha shangazi kina funguo, na msala wake unakaa kabatini. Siku ya kwanza Pamba alilia kwenye wavu saa nzima, na nilidhani tumeshindwa. Siku ya tatu shangazi alivuta kiti akakaa upande wake wa wavu, akichambua mchele. Hawakugusana. Lakini kila asubuhi nilimsikia akimuuliza dada, "Yule mweupe keshakula?"

Wiki iliyopita amepiga simu, kliniki ni mwezi ujao. Ameuliza mambo mawili: kama chumba chake kipo, na kama yule mweupe bado anamwaga manyoya.

Nikamwambia chumba kipo.